Mwana wa Nchi

Kijito cha nyuma ya shule kinaitwaje? Chifu aliyekuwepo mwaka wa mafuriko ni nani? Mama mkwe unamwamkia umesimama au umepiga goti? Mthunzi Mabaso aliyajibu yote kimoyomoyo, kisha akaanza upya, midomo ikimcheza.

Foleni ilikuwa imetoka mlangoni na kuzunguka ukuta wa ofisi ya ubalozi mdogo. Watu walipiga soga na kutaniana, maneno yakiwatoka bila hata kuyafikiria. Mthunzi aliwaonea wivu.

"Baba, unasali?" aliuliza mama mmoja aliyesimama mbele yake, kakumbatia mfuko wa plastiki uliojaa nakala za vyeti.

"Nasali."

"Basi niombee na mimi. Yule dada wa dirishani kanirudisha mara tatu. Leo akinirudisha tena, namwachia haya makaratasi ayalee mwenyewe."

Watu wakacheka. Mthunzi naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Hakuongeza neno, maana aliona heri kunyamaza kuliko kujikwaa mbele za watu.

Alichokitaka kilikuwa karatasi moja tu, yenye muhuri, inayosema kwamba yeye ni mwana wa nchi. Bila hiyo hapandi basi, havuki mpaka, hamwoni mama yake. Dada yake alikuwa amemwandikia wiki iliyopita: "Mama anakuulizia kila asubuhi. Daktari anasema tusihesabu miezi." Mthunzi alikuwa ameusoma ujumbe huo mpaka ukamkaa kichwani.

Alifika Johannesburg akiwa na miaka kumi na minne, hana ndugu wala cheti. Jina la Mthunzi Mabaso alilipata kwa mtu wa Germiston, pamoja na kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwingine. Alilitumia kiwandani, alilitumia benki, alilitumia kanisani siku ya ndoa yake. Zodwa, mkewe, aliishi naye miaka kumi na mmoja, akaondoka bila kulijua jina alilopewa mumewe na mama yake.

"Kukaa na wewe ni sawa na kukaa na mpangaji," alimwambia siku hiyo, akifunga begi.

Yalimuuma Mthunzi maneno yale, na yanamuuma mpaka leo, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Zamani askari waliokuwa wakisaka wageni walimsimamisha mtaani Hillbrow na kumgusa kiwiko. "Hiki kwa Kizulu kinaitwaje?" Alijibu kabla kidole hakijaondoka, na askari akampigapiga bega, akamwita kaka. Vijana wawili waliokuwa nyuma yake walibabaika, wakapakiwa garini.

Lakini mwaka jana kitambulisho kile kilizimwa kwenye kompyuta, na kazi ikaenda nacho. Sasa hakuwa na kipande chochote cha kumtambulisha. Mtu wa namna hiyo huulizwa maswali, na leo mwulizaji hakuwa askari wa barabarani wa kubahatisha. Alikuwa mtu aliyesomea kazi ya kujua nani ni wao na nani si wao.

Kwa hiyo wiki nzima alizungumza lugha ya mama yake na kioo cha bafuni, kwani hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Alijiamkia. Akajiuliza habari za nyumbani, akajijibu kwamba wote wazima. Siku ya nne alijikuta amenyamaza, akingoja kioo kimjibu.

Yule mama alitoka dirishani akiipunga karatasi yake. Alikuwa amegongewa muhuri.

"Nenda, baba, usiogope," alisema akimpita. "Wewe mbona ni mtu wa Johannesburg kabisa, hata viatu vyako vinasema."

Maneno hayo yalimvunja nguvu.

Nyuma ya kioo alikaa dada mwenye miwani, na nyuma ya dada ilining'inia picha ya rais ambaye Mthunzi hakuwahi kumpigia kura.

"Jina?"

Alilitaja lile alilopewa na mama yake, kama alivyojizoeza nyumbani. Dada aliliandika, akamtazama, akaanza kuuliza polepole, kichwa kakiinamisha upande mmoja.

Mthunzi alijibu. Kijito alikijua. Chifu alimjua, na mwanawe aliyerithi pia. Kwenye habari ya mama mkwe alitaka hata kupiga goti pale pale ili aeleweke. Jasho lilimtiririka mgongoni, lakini dada alikuwa akiandika, na kuandika ni dalili njema. Aliyaona mabonde, akaliona basi, akamwona mama yake akigeuza kichwa juu ya mto.

Dada akaweka kalamu chini. "Na mama yako, baba, bado yu hai?"

"Yebo," ndiyo ya Kizulu ikamtoka.

Akaziba mdomo kwa mkono, kachelewa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile dada alitabasamu, tabasamu la upole kabisa, akamrudishia fomu yake kupitia tundu la kioo.

"Hongera, baba. Sijawahi kukutana na Mzulu anayekijua Kitumbuka chetu hivi," alisema. "Mkeo ni Mmalawi, eh? Wageni wanaotaka kwenda kututembelea ni dirisha la pili."