Dozi ya Letisia

Daktari aligonga goti la Letisia kwa kinyundo cha mpira, akangoja. Mguu ulitulia kwanza, kama unaofikiria, ndipo ukajirusha kidogo kwa uvivu.

"Dawa unatumia wewe?"

"Natumia, dokta. Kila alfajiri."

Daktari aliutazama ule uso uliovimba, midomo iliyokauka, na sweta aliyoivaa huku jua la Mikumi likichoma nje. "Nilikuanzia kidogo. Nikapandisha. Nikapandisha tena. Kwa dozi hii mtu mwingine moyo ungekuwa unamkimbia. Wako unatambaa. Usinifanye mtoto, mama."

"Haki ya Mungu natumia. Labda za dukani ni bandia."

Hilo lilimtuliza daktari kidogo. Tangu biashara ifunguliwe kwa kila mtu, kila mwenye meza na mwavuli alikuwa anauza vidonge. Akafungua kabati lake mwenyewe, akamhesabia vingine, akapandisha dozi tena. "Hivi navijua. Ukirudi hivyo hivyo, nitajua mwongo ni nani."

Letisia alivifunga kwenye pindo la kanga, akarudi nyumbani Masanze, Kilosa, bila kusema na mtu. Alielezwa vizuri siku alipokatwa rovu la shingoni: tezi inayoupa mwili joto imeondoka nalo, sasa joto lake litatoka kwenye kidonge. Akiacha, atapoa polepole, kama jiko lililosahauliwa, mpaka azime. Hilo alilielewa. Asichoelewa ni kwa nini anapoa na dawa anatumia.

Nyumbani kulikuwa na moto mwingine. Mumewe, Evarist, alikuwa mpishi hotelini Mikumi na alikuja nyumbani kwa nadra. Siku nyingine zote walibaki wanawake wawili wakitazamana: yeye na mama mkwe wake, Magreti, mjane, mshika dini, mama wa kitambaa cheupe cha kikundi cha akina mama kanisani.

"Shikamoo, mama."

Magreti alikuwa anafagia uwanja. Aliifagia na ile salamu. "Umerudi? Nilidhani wamekulaza. Kulala si ndiyo kazi yako."

"Nimechoka tu, mama."

"Umechoka nini? Ng'ombe wa wafugaji wametembea toka Shinyanga mpaka Kilosa. Wewe kwenda bombani tu unapumzika mara mbili!"

Mwaka ule bibi huyo aliingiwa na nguvu za ajabu. Kabla jogoo hajawika, ufagio unalia. Akitoka hapo, jembe. Jirani zake wa kwenye vilima vya Masanze walimsifu, halafu wakaanza kunong'ona, maana nyama zilikuwa zinamwisha mwilini, na kikombe kilimgongagonga kwenye meno. Hasira inamla, walisema. Mwenyewe alikuwa na jina jingine la ugonjwa wake.

"Mimi nakonda, wewe unavimba," alimwambia Letisia mbele ya watu kisimani. "Mafuta yangu unayapeleka wapi?"

Letisia aliinama akachota maji. Neno lenyewe halikutajwa, lakini kila mtu alilisikia.

Alijua maneno kama hayo yanaishia wapi. Mwanamke mwenzake wa Mvumi alirudishwa kwao kwa tuhuma kama hiyo, na hakuna aliyemwoa tena. Akasema moyoni: nikipata nafuu, nikafanya kazi kama watu, mdomo wake utakosa la kusema. Basi akaishika dawa kama anavyoshika sala. Tangu kisu kilipopita shingoni, kidonge kizima kilimkwama. Kwa hiyo alikiponda kwa kijiko na kukikoroga kwenye chai yake ya rangi, jikoni, mgongo mlangoni, haraka haraka, kwa maana Magreti akiona mtu ana kidonge alikuwa na maneno ya siku nzima. Kisha alibeba vikombe viwili vya bati, chake na cha mama mkwe, hadi mkekani.

Vidonge vipya vya daktari havikusaidia kitu. Letisia alianza kusinzia amesimama. Na Jumapili moja, katikati ya wimbo, Magreti alishika kifua akaanguka kanisani.

Evarist akaitwa. Alimkuta mama yake amelowa jasho, macho yamemtoka, na mkewe amejikunja pembeni ndani ya blanketi. Usiku alipomsogelea Letisia, hakumtazama usoni.

"Mama keshafunga nguo zako."

"Na wewe umesemaje?"

Evarist akageukia ukutani.

Kesho yake mwinjilisti Rafaeli aliketi kwenye kiti, wazee wa ukoo kwenye benchi, Letisia chini. Furushi lake lilikuwa mlangoni.

"Huyu ananiua," Magreti alisema. Mikono ilimtetemeka hata alipoikalia. "Moyo unanidunda, usiku sipati usingizi, mvua inanyesha mimi naungua. Nilimwona kwa macho haya, anakoroga unga mweupe kwenye chai. Ni kitambo sasa."

"Ni dawa yangu, baba mwinjilisti," Letisia alisema, lakini sauti ilitoka nzito na ya polepole, sauti ya mtu anayedanganya. Wazee wakatazamana. Evarist akainuka, akalishika furushi.

"Ngoja," mwinjilisti alisema. "Mama Evarist, kuna jambo silielewi. Ulimwona anakutilia sumu, na mpaka leo unakunywa chai yake?"

Magreti akacheka, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Mimi ni mjinga, mwinjilisti? Tangu siku ile, kila asubuhi akifumba macho tusali, nabadilisha vikombe. Changu anakunywa yeye, chake nakimaliza mimi, simwachii hata tone."