Rambirambi za Ngedere

Ijumaa ya tarehe sita Machi, saa mbili asubuhi, Ngedere alikufa kwa kifua cha tumbaku. Alipokuwa hai, Nguchiro mganga aliomba mchango wa kuwasaidia wavutaji waache, na wanyama wakasema hawana kitu. Baada ya maziko, walileta magunia ya nafaka msibani.

"Shemeji, pokea rambirambi," Kiboko akamwambia mjane, akikohoa na kiko mkononi. "Tupike, tule."

"Hatutapika," mjane akajibu. "Mpelekeeni Nguchiro, awatibu wavutaji. Aanze na wewe."

"Na sisi tuliokuja na njaa?"

"Mume wangu ameshazikwa, shemeji. Wewe bado unakohoa."

Kiboko akakizima kiko, akabeba gunia la kwanza.

Mola amrehemu Ngedere, amlaze mahali pema. Amina.