Meza Isiyo na Mtu

Bwana wa tatu kuja kuchukua mahamri alikuwa amevaa masharubu ya karatasi, na Faridah alitamani kummwagia chai ya moto.

"Jambo, jambo!" akasema yule bwana. Akatia hamri zima kinywani, makombo yakaanguka juu ya leso mpya iliyotandikwa mezani.

Faridah akamchekea kwa meno tu. Kila mwaka Siku ya Tamaduni chuoni hapo ilimtia kichefuchefu, na kila mwaka alitoka kwake Lewisham, mtaa wa huko huko London, na sufuria zake kuja kuisimamia meza ya Afrika. Asipokuja yeye, wataweka picha ya twiga na kichane cha ndizi, basi. Alikuwa na mfano wa hayo mbele ya macho yake. Meza ya Walatino, watu wa Amerika ya Kusini wasemao Kihispania, iliyokuwa ng'ambo ya ukumbi, haikuwa na mtu. Ilikuwa na kofia pana za majani, masharubu ya kupigia picha, na bakuli la parachichi lililopondwa, ambalo lilikwisha kuota ngozi ya kahawia. Watu walichovya, wakapiga picha, wakaenda zao.

Lakini lililomuudhi zaidi leo lilikuwa karibu naye. Lawrence, Mkenya mwenzake wa ofisi ya wanafunzi, alikuwa amemkuta msichana mlangoni asubuhi, boksi mkononi, anashangaashangaa. Akamshika mkono, akamleta moja kwa moja kwa Faridah.

"Mama Faridah, nimekuletea mtoto wetu akusaidie."

Kibandiko kifuani kilisema Daisy, hakikusema zaidi. Tangu hapo Faridah alikuwa akimsemesha Kiswahili, na tangu hapo alikuwa akijibiwa Kiingereza.

"Kwenu wapi, mwanangu? Kisumu? Machakos?"

Msichana akatabasamu kwa haya. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba yeye amezaliwa hapa London, lakini mama yake...

"Najua, najua. Nyote ni wale wale."

Faridah alikuwa na binti wa namna hiyo nyumbani, anayeelewa kila neno la mamake na kulijibu kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili kina uchafu. Faridah akamfunga Daisy leso kiunoni, akaikaza, akamsukumia sinia.

"Samahani, lakini hii si meza yangu," msichana akasema, bado kwa Kiingereza. Macho yake yalikuwa kule kwenye meza ya masharubu.

Hapo Faridah alikasirika kweli. Yaani wenzake wanamnukia?

"Mkataa kwao mtumwa," akamwambia. "Hata hilo hulijui?"

Msichana hakulijua. Aliendelea kupanga mahamri kwa adabu, kwani alionekana amefunzwa kutobishana na mtu mzima. Lakini alipopata nafasi tu akalichukua boksi lake, akavuka ukumbi, akaanza kuziondoa zile kofia. Bibi mmoja wa ofisi ya tamaduni akamwahi. Msichana akasema neno. Yule bibi akacheka kama aliyetaniwa, akamshika kiwiko, akamrudisha polepole mpaka kwenye bendera za Afrika.

"Umeona?" Faridah akasema bila kumtazama. "Hata wao hawakutaki. Nenda ukaoshe sinia."

Msichana alipokwenda kuosha, Lawrence akapita mbio, jasho linamtoka.

"Wale Walatino leo wamekwisha. Mwalimu wao mgonjwa, na Dean, mkuu wa kitivo, anakuja saa nane. Kwenye course yao kuna mwanafunzi mmoja tu ambaye watu wake ni wa huko, Miss Mosquera. Asiposimama pale mezani kuitetea hiyo course mwenyewe, wanaifunga. Na scholarship yake, ile inayomlipia ada, inakwenda nayo."

"Yuko wapi?"

"Si ndio nauliza! Hakuna anayemjua sura."

Faridah alimwonea huruma mtoto wa watu. Akaukagua ukumbi wote, akitafuta nywele ndefu zilizonyooka na ua sikioni. Hakuona.

"Maskini, huyo ameikosa meza yake," akasema, kisha akamwonyesha kwa kidevu Daisy, aliyekuwa akirudi na sinia linalochuruzika maji. "Na hawa wetu wamepewa yao, wanaionea kinyaa."

Saa nane mkuu wa kitivo akaingia, tumbo mbele. Akasimama kwenye meza ya Walatino isiyo na mtu, akapokea kipaza sauti.

"Miss Mosquera?"

Akaita tena.

Daisy akanyoosha mkono, vidole vinang'aa mafuta, akaupunga juu ya vichwa vya watu. Mkuu wa kitivo akamwona. Akaiona leso, akayaona mahamri, akaziona bendera. Uso ukamchangamka.

"Jambo!" akapaza, akampungia naye. Ukumbi mzima ukacheka.

Msichana akataka kutoka nyuma ya meza. Faridah akamkamata mkono, akauvuta chini.

"Acha kimbelembele! Kwani umeitwa wewe?"

Mkuu wa kitivo akangoja kidogo, akatikisa kichwa, akachovya kibanzi cha mahindi katika lile parachichi, akatoka akitafuna.

"Basi," akasema Lawrence. "Imefungwa hiyo."

Msichana akaifungua leso kiunoni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Kisha akalifungua boksi lake. Akatoa picha ya fremu: bibi kizee mweusi, kilemba kichwani, amesimama mlangoni mwa nyumba ya mbao.

Faridah akaitazama, akamtazama msichana. Paji lile lile, mdomo ule ule. Safari hii akasema kwa Kiingereza, asije akapewa kisingizio.

"Huyu si nyanya yako huyu? Mwafrika kamili! Haya, msemeshe kwa lugha yake, nikusikie."

Msichana akamsemesha nyanya yake, machozi yakidondoka juu ya kioo. Alimsemesha kwa Kihispania.