Chupa ya Tarishi

Chupa ilianguka kwa mara ya nne, ikabingirika uani mpaka kwenye karo la kufulia. Fundi viatu aliikodolea macho kama mtu anayemtazama mbwa aliyemla kuku wake.

"Imeanguka tena?" mkewe aliuliza kutoka chumbani.

"Haijaanguka. Nimeiweka chini."

"Umeiweka kwa kishindo."

Baiskeli ilikuwa ya chuma kizito, ya zama zile ambazo mtu akishikwa na kiu alipiga hodi kwa watu akaomba maji. Haikuwa na tundu hata moja la kufungia kishikio cha chupa. Mkewe alikuwa ameiendesha miaka ishirini na sita akipeleka barua, mpaka watu wakalisahau jina lake wakamwita Tarishi. Sasa ulikuwa mwezi wa saba tangu augue, na hakuwa amegusa pedali. Daktari alikuwa amemruhusu aanze tena kesho asubuhi, nusu saa tu, kwa sharti moja: anywe maji huku akiendesha, kidogo kidogo, asingoje kiu.

Tarishi naye akaweka la kwake. "Maji nayachukua mwenyewe. Kwa mkono wangu wa kulia, bila kuinama. La sivyo, sipandi."

Akisema hapandi, hapandi. Na asipopanda kesho, hatapanda tena. Tangu juma lililopita alikuwa ameanza kusema baiskeli wapewe watu wenye kazi nayo. Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha mumewe. Tarishi aliyemwoa hakuwa mpole hata siku moja.

Basi tangu asubuhi fundi viatu alikuwa anahangaika. Kaka wa mkewe, fundi baiskeli, alimletea klipu za kubania mipira ya maji. Wakaanza kwa kufunga kishikio kwenye bomba la chini, kinapokaa kwa watu wote. Kikakaa vizuri kabisa, ila huko chini mkono wa Tarishi usingefika. Wakakihamishia kwenye usukani. Klipu ikazunguka. Wakaweka chini yake kipande cha tyubu. Ikashika, wakafurahi, wakajaza chupa maji, na chupa ikapinduka kichwa chini miguu juu ikamwagia fundi viatu suruali yote. Mikanda ya plastiki ikakatika. Waya ukalegea.

"Mvumilivu hula mbivu, shemeji," alisema fundi baiskeli.

"Mbivu zenyewe zimeshaoza. Nipe hiyo keekee, nitoboe."

"Ukitoboa bomba hilo utalidhoofisha, likatike mkononi mwake. Halafu, breki za nyuma zimekwisha."

"Zimekwisha, ziishe! Mimi nimesema chupa."

"Mazoea tu, shemeji. Fundi haachi kukagua breki."

Fundi viatu akaipiga teke ndoo. Ndoo haikuwa na kosa lolote, na kidole gumba kikamkumbusha hivyo mara moja. Akaingia ndani akichechemea, akasimama mlangoni mwa chumba.

"Mke wangu, hebu tusisumbuane. Mimi nitakuwa ubavuni mwako. Ukitaka maji, nakupa."

 Siku hizi maneno ya Tarishi yalikuja polepole.

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Jua kali. Nani alinipa maji?"

Miezi saba yote mumewe ndiye aliyempa: uji, dawa, shuka, kitana. Alikuwa amempa kwa mapenzi, na hakuwahi kujiuliza mwenzake anapokea kwa moyo gani. Akarudi uani akiwa na hasira na baiskeli, na maradhi, na zaidi ya yote na nafsi yake.

Akaketi kwenye kigoda chake cha kazi. Shemeji yake alikuwa amekwisha kata tamaa, anakunywa chai.

"Hivi mimi," fundi viatu alisema baada ya muda, "nani kaniambia ni fundi baiskeli?"

Akavuta kipande cha ngozi alichokuwa ameloweka kwa ajili ya viatu vya mtu. Mwenye viatu atasubiri. Akaizungushia ngozi ile mbichi kwenye usukani, upande wa kulia, ikabana bomba na kishikio kwa pamoja, kisha akaishona palepale kwa uzi wa nta, mishono ya karibu karibu, akikaza kila mshono kwa meno. Ngozi ikikauka hujikaza. Hilo alilijua tangu ujana wake, na asubuhi nzima alikuwa amelisahau kwa kuhangaika na klipu za watu.

Alasiri ngozi ilikuwa imekauka kwa jua, imekuwa ngumu kama mfupa. Shemeji yake alishika kishikio akakivuta kwa nguvu zake zote, na gurudumu la mbele likainuka. Chupa iliyojaa ikatulia.

"Tayari!" fundi viatu alipaza sauti.

"Kesho mvua itanyesha?" mkewe aliuliza.

"Ikinyesha, utaendesha hivyo hivyo."

Akamsikia akicheka. Siku nyingi hakuwa ameusikia mcheko ule.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fundi viatu aliisukuma baiskeli mpaka chumbani, akaipandisha kwenye stendi nzito ya chuma aliyochomelea shemeji yake, magurudumu yote mawili yakabaki hewani. Kisha akambeba mkewe kutoka kitandani, akamkalisha kwenye tandiko, akaufunga mguu wa kushoto usiohisi kitu kwenye pedali, akamshikilia mgongoni. Na Tarishi, macho yakiwa dirishani kwenye barabara, akakanyaga, akakanyaga tena, akanyoosha mkono wa kulia akachukua maji mwenyewe.