Mfuniko wa Bi Mwanamkuu

Zama hizi kila chombo cha jikoni humtii mwenyewe tu, kwa kuutambua mkono wake. Lakini tangu augue kiharusi, mkono wa Bi Mwanamkuu wazidi kutetemeka, na leo sufuria yake ya mvuke haikuutambua. Mfuniko uligoma, na mbaazi za futari zimo ndani.

"Itupe, Baba Salha," akamwambia mumewe.

"Ningekuwa natupa kila kaidi humu ndani, wewe ungesalia?"

Bi Mwanamkuu akacheka. Mumewe akauweka mkono wa mkewe juu ya mfuniko, akaufunika kwa wake hadi ukatulia.

"Bismillahi."

Mfuniko ukafunguka, na sufuria ikatamka kwa upole: "Mwenyewe ametambuliwa: mikono miwili kwa pamoja. Mkono wa awali umefutwa."

Wakafuturu, wala hapana aliyethubutu kuujaribu mfuniko peke yake.