Ampea Tano za Ijumaa

Mshale wa amita, kipimo cha umeme unaotumika, uliruka kutoka moja hadi sita, na Ukasha akasonya. Ijumaa ya nne hiyo, saa ileile ya nne asubuhi. Jenereta ya Mzee Saadi ikaguna, feni ya dukani kwake ikapunguza mbio, na wateja waliofuata soda ya baridi wakatazamana.

Jenereta yenyewe ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya mtu binafsi pale Kibiti. Mzee Saadi aliileta kutoka Dar biashara huria iliporuhusiwa nchini, akavuta waya juu ya boriti za mikoko hadi nyumba kumi na mbili za jirani, kila nyumba balbu moja, basi, na ya usiku tu. Kuiangalia alimweka Ukasha, aliyesomea umeme mjini na hakuacha siku ipite bila kuwakumbusha watu. Sasa mzee alikuwa amechoka. Alikwishamwambia wazi: mwizi wa umeme apatikane Ijumaa hii, au kazi apewe fundi wa Ikwiriri.

Fundi wa Ikwiriri! Mtu anayepima umeme kwa kidole.

Ukasha akachukua chaki, akaandika kwenye mlango wa banda la jenereta, akisoma polepole kama anafundisha darasa la kwanza. Ndiyo hesabu aliyokuwa akiirudia, pamoja na somo la kuunga waya, hata nyumbani akila wali, mkewe akiitikia "ehe, ehe" mpaka sahani zinatolewa. Jokofu na feni vinakula ampea moja. Mshale unasoma sita. Baki tano. Volti mia mbili na ishirini mara tano, unapata wati elfu moja na mia moja. Volti hizohizo gawanya kwa tano, unapata ukinzani, omu arobaini na nne.

"Balbu zenu za wati sitini, kila moja ina omu zaidi ya mia nane," akasema. "Hiki chenye arobaini na nne si balbu. Ni kitu cha moto."

Muuza mihogo mmoja akasema labda jiko. Ukasha akamtazama mtu huyo toka kandambili hadi kofia. Jiko lingewaka mfululizo, akaeleza, lakini hiki kikipata moto kinajikata, kikipoa kinawaka tena. Watazame mshale: sita, moja, sita. Hiyo ni pasi ya umeme, na kuna mtu anapigia kanzu yake kabla ya swala.

Hapo wote wakageukia mlango wa Abdalah, fundi cherehani aliyepanga chumba cha nyuma ya duka. Ukasha alikuwa akimshuku yeye tangu Ijumaa ya kwanza. Mzee Saadi akauliza mwizi afanywe nini.

"Akatwe waya, asiwashiwe tena. Halafu leo swala ikitoka, asimame mlangoni mwa msikiti awaombe radhi watu wote," Ukasha akajibu.

"Hata awe nani?"

"Hata awe imamu."

Wakaingia kwa Abdalah, Ukasha mbele, hodi hakupiga. Tangu njiani alikuwa akisema kwamba watu wa hapa ndivyo walivyo, ukiwaletea umeme wanaudhani maji ya kisima, kila mtu achote. Pasi ya umeme ya nini? Mke wake yeye, Rukaiya, anatumia pasi ya mkaa aliyorithi kwa mama yake, na kuna kanzu gani Kibiti nzima inayosimama kama ya Ukasha? Kweli haikuwepo. Kanzu zao, ukizilinganisha na yake, zilionekana zimelaliwa.

Abdalah alikuwa ameinama juu ya suruali ya mtu, jasho likimtoka. Pasi mkononi mwake ilikuwa ya mkaa, na mkaa ulikuwa mwekundu. Akaiweka juu ya kigae, akauliza kwa upole mshale unasemaje. Mtu akachungulia bandani, akajibu: sita.

"Basi fuata waya, fundi," akasema Abdalah. "Nami nitakuja kumwona."

Ukasha hakuomba radhi. Alizunguka nyuma ya banda, akapekua boriti ya kwanza kwa vidole, akakiona. Kilikuwa kiungo safi cha waya wa wizi, kimesokotwa sawasawa, utepe umezungushwa mara tatu, kisha waya umeshuka na kufukiwa mchangani. Tena waya mnene, wa kubeba ampea tano bila kupata joto. Mshamba angetumia waya wa redio na kuunguza nyumba. Ukasha alicheka kwa pua. Huyu kafundishwa, akasema, na aliyemfundisha anaijua kazi. Asishangae mtu mkono wa Ikwiriri ukionekana hapa.

Akaanza kuung'oa. Alikwenda ameinama, akiuvuta pima kwa pima, mchanga ukimrukia usoni, na watu nyuma yake wakazidi kuwa wengi. Waya ukapita ukuta wa nyuma wa Abdalah. Ukapita choo cha msikiti. Ukakata uchochoro, ukaingia chini ya ua wa makuti. Wale waliokuwa wakimcheka mwizi wakaanza kupunguza mwendo mmoja mmoja, ila Ukasha hakuinua kichwa. Alikuwa akiwatangazia kwamba leo watajifunza adabu, akaupiga ua teke mpaka makuti mawili yakaanguka, akaushika waya kwa mikono miwili autoe wote.

"Usiuvute, Baba Yasmin," sauti ya Rukaiya ikasema kutoka ndani. "Nimebakiza mkono mmoja tu wa kanzu yako."