Tundu la Mihrabu

Hamdun alijiziba pua kwa ncha ya kilemba. Msikiti wa babu zake, pale mji wa Manah, ng'ambo ya bahari, ulinuka mavi ya popo na mikojo ya mbuzi. Akatoka nje akatema mate, akarudi ndani shingo upande. Mtu wa kinyaa, Hamdun. Hata nyumbani kwa shangazi yake hali ila kwa chombo alichokuja nacho kikapuni.

Mihrabu ndiyo iliyomchefua zaidi. Utotoni kwake Unguja, marehemu baba yake hakuchoka kumsimulia: chokaa iliyochongwa maua chini mpaka juu, kazi ya mafundi wa karne nyingi nyuma, na katikati bakuli la kaure la Kichina limepachikwa ukutani. Maua aliyakuta. Bakuli halipo. Pamebaki tundu, na ukingoni mwake kimeng'ang'ania kipande cha kaure, kadiri ya ukucha.

Wenyeji walimwambia liliibwa zamani, na mwizi si mwengine ila mlinzi wa msikiti wa siku hizo. Mlinzi kafa na jina hilo, akamwachia mwanawe Marzouq. Mpaka leo Manah nzima hakuna aliyekubali kuoana na watoto wa Marzouq.

Hamdun akaapa kusoma Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi alichotoka nacho Unguja. Shangazi yake, Bi Turkiya, akamsihi aache.

"Mwanangu, hujui kitamwangukia nani."

"Kitamwangukia aliyeiba, shangazi, na kila aliyetia mdomo kwenye bakuli lile. Matumbo yawavimbe."

Ijumaa baada ya sala wakasoma, ubani ukifuka. Marzouq ndiye aliyeitikia amin kwa sauti kuliko wote. Hamdun akamtazama kwa karaha. Mwizi, mwana wa mwizi, na haya hana hata chembe.

Uani mwa msikiti kukaletwa wali na mchuzi, sinia moja kwa wote. Hamdun atie mkono pamoja na Marzouq? Hathubutu. Akakaa kando, akafungua kikapu chake, akatoa bakuli alilorithi kwa baba yake, akapakuliwa. Akaligeuza kama ada yake, ili pengo la ukingoni lisimkate mdomo, akaanza kula.

Marzouq akaacha kula. Alilitazama lile pengo muda mrefu, kisha akainuka, akajifuta mkono, akalichukua bakuli kutoka mikononi mwa Hamdun bila ya kuomba. Akaumwaga mchuzi mchangani, akaingia msikitini. Watu wote wakamfuata.

Pale mbele ya mihrabu akaliinua, akalizungusha taratibu mpaka pengo likakikuta kile kipande cha kaure. Akalisukuma. Likaingia likakaa.

Hamdun alikuwa amesimama mlangoni, shavu limemjaa. Tonge halijashuka.